Kushuka Si Aibu: Tuwaache Wachezaji Wetu Warudi Nyumbani



Kila sifa njema inamstahikia Allah (SWT), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, leo naandika juu ya mpira. Najua wapo watakaouliza: mpira umefuata nini katika ukurasa wa familia za Kiislamu? Umefuata watoto wetu. Pita Buyenzi, Bwiza au Kinama baada ya swala ya Alasiri, uone ni watoto wangapi wako barabarani na mpira, na wangapi kati yao wanaamini kwamba siku moja utawapeleka Ulaya. Jambo linaloshika mioyo ya watoto wetu kiasi hicho haliwezi kuachiwa vijiwe peke yake.

Na habari yenyewe imeanzia kijiweni. Usiku mmoja baada ya Isha tulikuwa tumekaa watu kama saba tunakunywa kahawa. Akapita ndugu yetu mmoja ambaye zamani alicheza mpira nje ya nchi. Sitamtaja jina. Nguo zake zilikuwa na mafuta ya gereji, na mkononi alikuwa na mfuko wa vipuri. Akatusalimia, tukamwitikia vizuri. Alipokwisha kupita tu, mmoja wetu akasema, "Huyo ndiye aliyekuwa akipanda ndege kila wiki. Mtazameni sasa!" Mwingine akadakia kwamba Ulaya imemla nyama na kututupia mifupa. Kijiwe kizima kikacheka.

Mimi sikucheka, lakini sikukataza pia. Mwanangu wa miaka 13, naye anacheza timu ya mtaa, alikuwa ameketi pembeni yangu. Tulipokuwa tunarudi nyumbani akaniuliza, "Baba, kwa nini wamemcheka? Si anafanya kazi?" Wallahi sikuwa na la kumjibu. Makala hii ndiyo jibu langu, ingawa limechelewa.

Nasema waziwazi, na atakayekasirika akasirike. Tunapozungumza juu ya wachezaji walioharibikiwa baada ya mpira wa juu, tunataja pesa, tunataja wanawake, tunataja mawakala na wazungu. Jambo moja hatulitaji, nalo ni aibu tunayowavika sisi wenyewe. Tumewafundisha vijana wetu kupanda tu. Hatukuwafundisha kushuka, na anayeshuka tunamcheka. Matokeo yake mtu anaona bora aangamie huko juu kuliko kuonekana mtaani akiwa amebeba vipuri.

Mtu aliyejua kushuka

Tuanze na mfano ambao kila mpenzi wa mpira hapa Bujumbura anaujua. Saidi Ntibazonkiza alizaliwa mji huu mwaka 1987. Aliondoka akiwa kijana kwenda Uholanzi, katika klabu ya NEC ya mji wa Nijmegen. Mwaka 2010 akaenda Poland kuchezea Cracovia. Baadaye akacheza Akhisar ya Uturuki, kisha Caen katika ligi kuu ya Ufaransa. Wakati huo picha zake zilibandikwa vinyozini, na kila mtu mwenye jina la Saidi alidai ni ndugu yake.

Kisha umri ukafanya kazi yake, kama unavyoifanya kwa kila mja. Akaenda Kazakhstan, nchi ambayo wengi kijiweni hawakuweza kuionyesha katika ramani. Hapo maneno yakaanza: amekwisha, amefulia, anatafuta pa kufia. Mwaka 2020, akiwa na miaka 33, alivuka kwenda Dar es Salaam kujiunga na Young Africans, Yanga. Wakasema haya sasa, kutoka Ufaransa mpaka Jangwani! Mwaka 2022 akaenda Geita Gold, timu ya mji wa migodi ya dhahabu. Hapo waliomcheka walicheka mpaka machozi. Mtu wa Caen anacheza Geita?

Naam, alicheza Geita. Alicheza vizuri kiasi kwamba kabla ya msimu kwisha Simba wakamchukua. Mwezi Juni 2023, katika mechi moja dhidi ya Polisi Tanzania, alifunga mabao matano. Msimu wa 2022/23 ulipofungwa alikuwa na mabao 17, sawasawa na Fiston Mayele wa Yanga, na wawili hao wakawa wafungaji bora wa ligi kuu ya Tanzania. Saidi alikuwa na umri wa miaka 36.

Ndugu msomaji, usilipite jambo hili haraka. Kama mtu huyu angesikiliza vijiwe, angekaa chumbani katika mji fulani wa Ulaya akingoja simu ya klabu kubwa ambayo isingelia. Angemaliza akiba yake kwa kodi ya nyumba ili watu wa nyumbani waendelee kusema "yuko Ulaya". Badala yake alikubali timu ndogo, ligi ya jirani, mshahara wa chini ya ule wa zamani na jina lisilong'aa. Alikubali kwa sababu ile ni kazi yake na ni ya halali. Kwa kukubali kushuka, alipata miaka mingine ya kazi ambayo mwenye kiburi asingeipata.

Ngazi ni ile ile

Tena kuna jambo la ajabu ambalo wacheka wenzao hawalioni. Shabani Nonda naye ni mzaliwa wa Bujumbura, wa mwaka 1977, ingawa aliichezea timu ya taifa ya Kongo. Kabla ya Ulaya alipita wapi? Alipita Yanga ya Dar es Salaam. Kutoka huko alikwenda Afrika Kusini, kisha Zürich ya Uswisi, kisha Rennes na Monaco za Ufaransa. Mwezi Aprili 2004 aliingia kutoka benchi na kuifunga Chelsea katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya, Monaco ikashinda mabao 3 kwa 1 na hatimaye ikafika fainali.

Basi nauliza. Nonda alipoingia Yanga akiwa kijana, tulisema amepata. Saidi alipoingia Yanga akiwa mtu mzima, tukasema amepotea. Klabu ni ile ile, na jezi ni ile ile ya kijani na njano. Kilichobadilika ni macho yetu. Tunaipenda ngazi mtu anapoipanda, na tunaidharau ngazi hiyo hiyo anapoishukia. Lakini nani amewahi kuona mtu amepanda ngazi asishuke? Asiyetaka kushuka kwa miguu yake ataanguka.

Aibu inaweza kuua

Sasa nakuja kwenye jambo zito. Tarehe 23 Machi 2019 Burundi ilitoka sare ya 1 kwa 1 na Gabon hapa Bujumbura, tukafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Mji haukulala. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 25 Aprili 2019, ikaja habari kutoka Eswatini: Papy Faty, kiungo wa kimataifa wa Burundi, ameanguka uwanjani akiichezea klabu ya Malanti Chiefs, na amefariki. Alikuwa na miaka 28.

Faty alikuwa amepita Trabzonspor ya Uturuki na Bidvest Wits ya Afrika Kusini. Huko Afrika Kusini ndiko ilikogundulika kwamba moyo wake una tatizo, na madaktari wakamshauri aache mpira. Hakuacha. Aliendelea kutafuta timu, mpaka ajali yake ikamkuta uwanjani.

Sitasema yaliyokuwa moyoni mwake. Hayo anayajua Mola wake. Wala siinyoshei kidole familia yake, ambayo imepata msiba mkubwa. Nanyosha kidole kwetu sisi. Hebu kila baba na mama ajiulize kwa ukweli: kijana wangu akinipigia simu leo kutoka ugenini na kuniambia, "Baba, daktari amesema niache," neno langu la kwanza litakuwa lipi? Nitasema, "Alhamdulillah wamegundua mapema, rudi nyumbani mwanangu"? Au nitanyamaza kidogo, halafu niulize, "Sasa ile nyumba tuliyoanza kujenga itakuwaje?"

Ukimya ule wa sekunde tatu kwenye simu, kijana anausikia. Anausikia vizuri kuliko maneno yote. Akifunga simu anajua kwamba nyumbani hawamngoji yeye. Wanangoja miguu yake. Na mtu anayejua hivyo anaweza kumficha daktari, anaweza kuficha goti lililovimba, anaweza kuchoma sindano za maumivu kila Ijumaa ili acheze Jumamosi. Je, sisi tuliokula jasho hilo tutakuwa hatuna sehemu katika dhambi hiyo?

Walihesabu siku, nasi tukahesabu

Mfano mwingine ni Saido Berahino. Huyu alizaliwa Bujumbura mwaka 1993, vita vikamwondolea baba, akafika Uingereza akiwa na miaka 10. Mtoto mkimbizi akawa mfungaji wa West Bromwich Albion. Msimu wa 2014/15 alifunga mabao 20 katika mashindano yote, akaitwa hata timu ya taifa ya Uingereza. Kisha mambo yakageuka. Uhamisho aliouomba ulikataliwa, akagombana na wakubwa wake, akahamia Stoke City mwaka 2017, na mabao yakakauka. Mengine yaliyompata magazeti ya kule yameyaandika vya kutosha, na mimi sina haja ya kula nyama ya ndugu yangu katika ukurasa huu.

Ninachotaka kusema ni hiki. Magazeti ya Uingereza yalikaa yakihesabu siku alizokaa bila kufunga bao katika klabu. Yalifika siku 913. Na sisi hapa tulihesabu nao! Tulizitaja siku hizo vijiweni kama watu wanaotaja bei ya mchele. Alipofunga Agosti 2018 na hesabu hiyo ikafutika, nani kati yetu alitangaza kwa sauti ile ile? Siku chache baadaye alivaa jezi ya Burundi kwa mara ya kwanza na kuifunga Gabon kwao. Mwaka uliofuata alikuwa nahodha wetu kule Misri.

Mtu aliyeporomoka Uingereza alikuja kutusaidia kufika mahali ambapo taifa letu halijawahi kufika. Tungemfungia mlango kwa kuwa "amekwisha", hasara ingekuwa ya nani?

Dini yetu imesema nini?

Wengine wananiambia, "Sheikh, haya ni mambo ya dunia." Mimi si sheikh, lakini hata mtoto wa madrasa anazijua habari hizi.

Mtume (SAW) alikuwa na ngamia jike aliyeitwa Al-Adhbaa, ambaye hakuwa akishindwa katika mbio. Siku moja akaja bedui na ngamia wake mdogo, akamshinda. Masahaba wakaumia sana. Mtume (SAW) alipoona huzuni yao aliwafahamisha kwamba hii ni kanuni ya Allah: hakuna kitu kinachoinuka katika dunia hii ila Yeye hukishusha. Hadithi hii iko katika Bukhari, imepokewa na Anas (RA). Tazameni, funzo hili limetolewa katika uwanja wa mashindano! Ikiwa ngamia wa Mtume wa Allah alipata siku ya kushindwa, mwanao ni nani asishuke?

Mtazameni pia Khalid bin Walid (RA). Alikuwa jemadari ambaye jina lake peke yake liliwatetemesha maadui. Sayyidna Umar (RA) alipochukua ukhalifa alimwondoa katika uongozi wa jeshi la Sham na kumweka Abu Ubayda bin Jarrah (RA). Khalid alifanya nini? Alirudi Madina kununa? Alisema hawezi kupigana chini ya mtu aliyekuwa chini yake jana? Hapana. Alibaki katika jeshi lile lile, akapigana chini ya amri ya mwingine. Na leo, miaka zaidi ya 1,300 baadaye, hakuna Mwislamu anayesema Khalid "alifulia".

Na kuhusu kicheko cha kijiweni, Suurat Al-Hujurat imekataza wazi watu kuwadharau watu wengine, kwani huenda wanaodharauliwa wakawa bora kuliko wanaodharau. Yule ndugu yetu wa gereji anaamka kwa swala ya Alfajiri, anafungua duka lake, anawalisha watoto wake kwa jasho lake. Sisi tuliomcheka tulikuwa tunakunywa kahawa ya mkopo. Nani bora?

Majibu kwa wanaopinga

Najua hoja zitakazoletwa, basi nizijibu mapema.

Wa kwanza atasema: "Wazee hawa wanaokataa kuacha wanawazibia vijana nafasi." Ndugu yangu, kijana wa miaka 20 anayeshindwa kumpiku mtu wa miaka 36 hajazibiwa nafasi, amepewa mwalimu. Hata hivyo nakubali kwamba kila mtu ana siku yake ya mwisho uwanjani. Sikusema mtu acheze milele. Nimesema siku hiyo ikifika asifukuzwe kwa kicheko.

Wa pili atasema: "Walipata pesa nyingi, wakazichezea. Waache waonje." Baadhi yao walizichezea, ni kweli. Lakini hebu tuhesabu pamoja nani alizila. Kijana alipotia saini mkataba wake wa kwanza, alipigiwa simu na wangapi? Mjomba alitaka pikipiki. Shangazi alitaka mtaji wa vitenge soko la Ruvumera. Jirani ambaye hajawahi kumpa hata maji ya kunywa alitaka ada ya watoto watatu. Akitoa tulimwita mcha Mungu, akikataa tulimwita mzungu. Tumekula naye sahani moja kwa miaka kumi. Leo sahani imekuwa tupu tunasema yeye ndiye mlafi! Kuunga udugu ni wajibu mkubwa, na sadaka haipunguzi mali. Lakini kuunga udugu siyo kumkamua ndugu mpaka damu.

Wa tatu, na huyu ndiye namwogopa zaidi, atasema: "Unawakatisha tamaa watoto. Mwanangu ana kipaji, shule itamchelewesha." Ewe mzazi mwenzangu, simkatishi tamaa mtu. Saidi alitoka mji huu huu, Nonda alitoka mji huu huu, na inshaallah watatoka wengine. Lakini fanya hesabu ya kawaida. Mchezaji akianza kulipwa akiwa na miaka 18 na akacheza mpaka 35, ambayo ni bahati kubwa, amefanya kazi miaka 17. Allah akimpa umri wa miaka 70, ana miaka mingine 35 mbele yake. Yaani maisha baada ya mpira ni mara mbili ya maisha ya mpira. Unamwandalia mwanao miaka 17 na kumnyima miaka 35, halafu unasema unampenda?

Tufanye nini?

Polemiki bila dawa ni kelele tu. Basi naleta mambo matano ambayo kila familia inaweza kuyaanza wiki hii.

Kwanza, shule na madrasa visiguswe. Mazoezi yapangwe baada ya masomo, siyo masomo baada ya mazoezi. Timu ya watoto ambayo haiwezi kusubiri kengele ya shule haimtafutii mwanao maisha. Na asome lugha: Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili fasaha vitamfaa akiwa mchezaji, na vitamfaa zaidi akitaka kuwa kocha, mwamuzi, mtangazaji au mfanyabiashara.

Pili, tujue sheria kabla ya kutia saini. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa katika hali chache, kwa mfano wazazi wake wakihama kwa sababu zisizo za mpira. Basi mtu akija mlangoni kwako kusema atampeleka mwanao wa miaka 15 Ulaya, Uturuki au Ghuba, na anataka umpe faranga za viza na tiketi, mfungie mlango. Wakala wa kweli hamlipishi mzazi ili amuuze mtoto wake. Na mkataba wa lugha usiyoijua usiutie saini mpaka mtu unayemwamini amekusomea neno kwa neno.

Tatu, pesa ya kijana iwe na mpango, na mpango uandikwe. Sehemu ya wazazi ijulikane, sehemu ya kuwasaidia ndugu ijulikane, zaka itolewe mwaka ukitimia juu ya mali iliyofika nisabu, na sehemu ya miaka 35 iliyobaki isiguswe na mtu, hata mama. Ndugu wakijua kiwango mapema, hawatapiga simu kila wiki. Na kijana ambaye ndugu wanaheshimu kiwango chake hataogopa kusema ukweli mshahara ukipungua.

Nne, mwambieni mapema kwamba anaweza kuacha. Mwambieni kabla hajapanda ndege, mbele ya baba, mama na wajomba: "Siku ukiumia, siku daktari akikukataza, siku ukichoka, mlango huu ni wako na hakuna atakayekuuliza kitu." Maneno hayo hayagharimu hata faranga moja, na huenda yakaokoa roho.

Tano, misikiti na jumuiya zetu ziwatumie waliorudi. Tunao hapa mjini watu waliocheza nchi tano, wanaozungumza lugha nne, walioona baridi, ubaguzi, majeruhi na mikataba ya ulaghai. Tumewaweka pembeni kama viti vilivyovunjika. Kwa nini Ijumaa moja, baada ya swala, wasipewe nafasi ya kuzungumza na vijana? Kwa nini wasikabidhiwe watoto wetu jioni wawafundishe mpira pamoja na adabu, na jumuiya ikawalipa kitu? Mtume (SAW) alitufundisha kutumia mambo matano kabla ya mambo matano hayajatufika, na katika hayo ni ujana kabla ya uzee na afya kabla ya maradhi. Nani atawaeleza vijana maana ya somo hilo kuliko mtu aliyekuwa na mbio zote na sasa anapanda ngazi ya msikiti kwa kushika ukuta?

Mwisho

Baada ya usiku ule nilikwenda gereji kwa ndugu yetu. Nilimwomba radhi, kwa sababu aliyekaa kimya katika majlisi ya kumsengenya Mwislamu mwenzake naye ana sehemu yake. Akacheka, akaniambia kwamba kicheko chenu nilikisikia, masikio yangu hayajastaafu. Kisha akanieleza jambo ambalo sitalisahau: alimaliza mwaka mzima ugenini bila timu, akila mara moja kwa siku, kwa kuogopa jioni moja tu, jioni ya kupita mbele ya kijiwe chetu. Mwaka mzima! Mke wake alikuwa hapa na watoto wadogo wakimngoja, naye anaogopa watu saba na vikombe vyao vya kahawa.

Enyi watu wa vijiwe, sisi ndio tuliomnyima mke mume wake na watoto baba yao kwa mwaka mmoja. Hatukutumia silaha. Tulitumia vicheko tu.

Siku hizi mwanangu anakwenda kwake kila Jumamosi, baada ya madrasa. Anajifunza kufungua injini, na jioni wanacheza mpira pamoja na watoto wengine wa mtaa. Sijui kama atafika Ulaya. Akifika, alhamdulillah. Akirudi, alhamdulillah vilevile, na nitakwenda kumpokea mwenyewe uwanja wa ndege, nimpitishe mbele ya kijiwe kile mchana kweupe.

Tunamwomba Allah (SWT) awahifadhi vijana wetu walioko ugenini, awape riziki ya halali, awarehemu waliotangulia, na atusafishe ndimi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.